Pima Meza Kabla ya Kununua Jiliwa
Hotuba kwa mafundi wa chuma na wanafunzi wa mafunzo ya amali, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu mliotoka Wete, Mkoani na Konde, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kukimbia. Ahsanteni kwa kuja.

Kisiwa hiki kina mashine nyingi zinazoharibika mbali na duka la spea. Kuna mitambo ya kiwanda cha makonyo pale Wawi, pampu za visima, injini za boti, na mashine za kukamulia miwa ambazo kila mfungo wa Ramadhani zinafanyishwa kazi ya mwaka mzima. Kikivunjika kipande cha feleji cha ukubwa wa kiberiti, tunangoja boti. Tangu umeme wa Tanga ulipotufikia kwa waya wa baharini mwaka 2010, fundi mwenye banda uani kwake anaweza kufikiria mashine ya milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, bila kufikiria pia jenereta la dizeli. Na wapo walioshaacha kufikiria, wakanunua. Mashine ndogo zimeanza kuingia majumbani.

Ninachokiona ni hiki. Mtu anayenunua mashine huuliza sana habari za mota: wati ngapi, spidi ngapi, gia za chuma au za plastiki. Jiliwa, kile kibanio kinachokishika mezani kipande kinachokatwa, hulikumbuka siku ya mwisho, yuko dukani na pesa zimebaki kidogo, na swali lake huwa moja tu: "Kubwa kabisa lipi?" Hilo swali ndilo nililokuja kugombana nalo leo.

Niseme kauli yangu mapema, anayetaka kubisha aanze kujitayarisha. Jiliwa la milingi huchaguliwa kwa kupima meza na mwendo wa mashine. Upana wa taya unakuja baadaye, na ukishapima vizuri, utakuta umejichagua wenyewe. Jiliwa dogo lililo sawa litakupa kazi nzuri. Kubwa lililokaa juu ya meza nyembamba ni mtu mzima juu ya baiskeli ya mtoto.

Tuanze na lile ambalo wengi wenu mnalo tayari, jiliwa la keekee. Jepesi, taya nyembamba, limekuja pamoja na mashine ya kutobolea au limenunuliwa Darajani. Kwa kutoboa halina ubaya wowote, kwa sababu keekee inaisukuma kazi, yaani kile kipande kilichobanwa, chini, na jiliwa linachotakiwa kufanya ni kuizuia isizunguke tu. Endimili, kile kisu cha mashine ya milingi, ina tabia nyengine. Meno yake yamejipinda kuzunguka mwili wake, na yakikata huisukuma kazi pembeni na wakati huo huo huivuta juu. Sasa litazameni jiliwa la keekee kwa ndani. Taya linalotembea limekaa kwa kulegea ndani ya njia yake. Ukikaza, taya linainamisha uso na kunyanyuka, na kazi inanyanyuka nalo. Unaigonga kwa nyundo ishuke. Unakaza zaidi, inapanda tena. Mwisho unachoka, unakata hivyo hivyo, halafu unashangaa kwa nini uso wa juu hauko sambamba na wa chini. Mashine haina kosa hapo.

Dawa ya ugonjwa huu zipo mbili, na zote mbili zinategemea jambo moja: taya linapokwenda mbele lilazimishwe pia kwenda chini.

Ya kwanza ni ile iliyopewa umaarufu na kampuni ya Kurt ya Marekani kwa jiliwa lake la AngLock, ambalo limeigwa na viwanda vingi vya Asia hata mafundi wanaiita aina nzima "Kurt", hata kama maandishi ubavuni yanasema jengine kabisa. Ndani ya taya linalotembea mna kipande cha nusu tufe kilichokaa kwenye mteremko. Skrubu inapovuta, mteremko unaigawa nguvu: sehemu inakwenda kuibana kazi, sehemu inalivuta taya chini kwenye sakafu ya jiliwa. Bao za taya zimefungwa kwa bolti, kwa hivyo unaweza kuzitoa na kuweka bao za alumini, ukazichonga hapo hapo mashineni zifuate umbo la kazi yako. Hiyo faida ya mwisho msiipuuze. Mwenye kazi ya vipande ishirini vya umbo la ajabu, bao za alumini ndizo zitakazomwokoa.

Ya pili ni jiliwa la mtengeneza vifaa, lile lisilo na skrubu ndefu wala mkono wa kuzungusha. Ni feleji iliyogumishwa na kusagwa kwa jiwe pande zote, chini, ubavuni na mwisho, kwa hivyo unaweza kulilaza kwa ubavu na bado likawa na pembe mraba. Taya linakazwa kwa bolti moja ya ufunguo wa Allen iliyokaa mshazari. Ukikaza, inavuta mbele na chini kwa pamoja. Ni fupi kwa kimo, halina kinachotokeza nje, na bei yake kwa usahihi unaoupata ni ndogo. Ubaya wake ni uvivu. Ukitaka kutoka kazi ya mm 10 kwenda ya mm 60, lazima uihamishe pini ya chini kutoka tundu moja hadi jengine, na mkono wenye mafuta hauipendi shughuli hiyo. Na bao zake hazibadilishwi. Ukiliumiza taya kwa endimili, kovu ni la maisha, au mpaka umpate mwenye mashine ya kusagia.

Lipi bora? Kwa mashine ndogo kabisa, zile za aina ya Sieg X2 ambazo meza yake ni upana wa mm 90 hivi na mwendo wa mbele na nyuma ni karibu mm 100, mimi nitakwambia bila kusita: jiliwa la mtengeneza vifaa, la taya za mm 73 au hapo karibu. Najua wapo watakaonuna. Kwa mashine za kati, la mm 100, na hapo aina zote mbili zinaingia, chagua kwa kazi unazozifanya. Ukifika kwenye mashine zenye meza ya mm 200 na zaidi, hapo ndipo aina ya Kurt ya mm 125 au 150 inapopata nafasi yake.

Na ule ushauri unaosikika sana, "nunua la inchi 6", yaani la taya za kama mm 150, umetoka wapi? Umetoka Marekani, na una sababu yake. Kule mashine iliyojaa katika karakana ni Bridgeport, ambayo ilianza mwaka 1938 katika mji wa Bridgeport, Connecticut. Meza yake ya kawaida ina upana wa inchi 9, yaani karibu mm 229. Juu ya meza hiyo jiliwa la inchi 6 linakaa kwa raha. Kwa hivyo Mmarekani akikushauri ununue la inchi 6, hakudanganyi. Anazungumzia meza yake. Wewe meza yako ni mm 90. Jiliwa hilo lina uzito wa kilo 35 hivi na mwili wenye urefu unaopita mm 400. Ukishalipandisha kutoka bandarini Mkoani na kulibeba mpaka nyumbani, utakuta masikio yake ya bolti hayakutani na mfereji hata mmoja wa kufungia bolti katika meza yako.

Sasa tupime. Vipimo ni viwili, na vyote vinapimwa kwa rula kabla ya kutoa pesa.

Cha kwanza ni mwendo wa Y, ule wa meza kwenda mbele na kurudi kwenye nguzo. Jiliwa linakaa na taya lisilotembea upande wa nguzo, na taya linalotembea upande wako. Jiulize: meza ikiwa mbele kabisa, spindeli, ule mhimili unaozungusha kisu, inafika juu ya uso wa taya lisilotembea? Na meza ikirudi nyuma, inafika ukingo wa pili wa kazi iliyo kubwa kuliko zote unazokusudia kuzifanya? Mashine yenye mwendo wa mm 100 haiwezi kusawazisha kazi ya upana wa mm 150 kwa mfungo mmoja, hata taya lifunguke kiasi gani. Kwa hivyo ule uwazi wa ziada umeununua kwa pesa na huutumii. Wakati huo huo mkia wa jiliwa umetokeza mbele ya meza, na kila ukizungusha mkono wake unagonga gurudumu la Y. Vidole vyenu vitanikumbuka.

Kuna mbinu moja kwa wenye meza nyembamba ambayo siioni ikitumiwa huku. Ligeuze jiliwa digrii 90, mwili wake ulale kwa urefu wa meza, mataya yakabane kushoto na kulia. Meza ina urefu wa kutosha upande huo, kwa hivyo jiliwa lote linakaa juu ya chuma, hakuna kinachoning'inia. Kwa vipande vifupi vya mraba ni raha kabisa. Ukiwa na kazi ndefu itakugomea, maana urefu wake sasa unaelekea kwenye nguzo.

Kipimo cha pili ni kimo, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua mashine ambayo kutoka mezani hadi pua ya spindeli, kichwa kikiwa juu kabisa, ni mm 300. Jiliwa la Kurt la inchi 6, lile la D688, sakafu yake iko mm 73 juu ya meza. Umebaki na 227. Weka juu ya sakafu hiyo kazi ya kimo cha mm 50: umebaki na 177. Sasa unataka kutoboa tundu la mm 10. Chaki, ile inayoishika keekee, pamoja na shina lake inakula mm 100 hivi. Keekee ya kawaida ya mm 10 ina urefu wa mm 133, na zaidi ya mm 90 hutokeza nje ya chaki. Mia moja na tisini. Haiingii. Kazi imeshindikana na umeme hujauwasha.

Na hapo sijakiongeza kitako cha kuzunguka, kile chenye mistari ya digrii ambacho wauzaji hukusifia kana kwamba ni zawadi. Kinakula mm 30 nyengine au zaidi, na kinaweka kiungo kimoja cha ziada baina ya kazi yako na meza, yaani pahali pamoja pa ziada pa kutetemekea. Ukikipata na jiliwa, kifungue, kipake mafuta, kiweke chini ya benchi. Siku utakayotaka kukata kwa mshazari, ligeuze jiliwa zima juu ya meza na upime kwa kipimapembe, au inamisha kazi yenyewe ndani ya taya. Mimi kitako hiki nakihesabu kama uzito wa kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Wale watakaonunua la mkononi, pale Gerezani Dar es Salaam au kwa fundi anayeuza vitu vyake, tazameni sakafu ya jiliwa kwanza. Matundu ya keekee sakafuni yanakwambia mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Tafuta ufa kwenye chuma cha kusubu, khasa kuzunguka masikio ya bolti, na ukiona weldi, rejesha pesa mfukoni. Lakini kipimo kikubwa kinafanywa na geji ya saa, ile yenye sindano inayoonyesha hata msogeo mdogo sana. Bana kipande kilicho sawa, weka ncha ya geji juu yake karibu na taya linalotembea, kisha kaza. Sindano ikipanda mm 0.03 au 0.04, jiliwa hilo linanyanyua. Halafu kibane kipande cha pembe mraba kwenye taya lisilotembea, ushushe geji kutoka juu hadi chini ya uso wake. Taya lisilotembea ndilo ukweli wa jiliwa zima. Kama limeinama, kila utakachokikata kitainama nalo. La kununua jipya pia lipimwe. Rangi mpya haisawazishi chuma.

Kulifunga mezani ni kazi ya robo saa, na wengi huifanya kwa dakika mbili. Safisha meza na tumbo la jiliwa kwa kiganja kitupu, maana kiganja huhisi chenga ambayo jicho halioni. Pitisha jiwe la mafuta juu ya uso wa chini kuondoa vipele. Hakikisha kwanza kichwa cha mashine kiko wima juu ya meza. Ukiliweka sawa jiliwa chini ya kichwa kilichoinama, unarekebisha kisichoharibika. Kisha kaza bolti ya upande mmoja kwa kiasi, ya upande wa pili iache ilegee. Shikiza geji kwenye spindeli, ncha iguse taya lisilotembea, na usogeze meza kwa X, yaani kushoto na kulia, kutoka mwisho mmoja wa taya hadi mwengine. Gonga kwa nyundo ya plastiki mpaka sindano itulie. Kaza zote, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hulisogeza jiliwa. Tofauti ya mm 0.02 kwa urefu wa mm 100 inatosha kwa kazi zetu nyingi. Anayetaka chini ya hapo kwa kukata bao la bawaba anajiringia tu.

Jiliwa lisilo na masikio hufungwa kwa klempu kwenye mifereji ya ubavu wake. Bolti ya klempu iwe karibu na jiliwa kuliko na kile kipande cha kuinulia kisigino, na kisigino kiwe juu kidogo. Watu huligeuza hili, nguvu yote ikaenda kwenye kisigino, jiliwa likabaki limeshikwa kwa dua.

Kazi yenyewe ikae juu ya vipande sambamba vilivyosagwa, ibanwe, igongwe kwa upole, kisha ujaribu kuvitikisa vipande kwa kidole. Kikitikisika hata kimoja, kazi haijakaa. Wapo wanaoweka vijikaratasi chini ya kila kona na kujaribu kuvivuta. Ni njia nzuri na haina gharama. Kipande kibichi chenye pande zisizo sawa kibaneni na fimbo ya duara baina yake na taya linalotembea, ili uso wake uliokwisha kusawazishwa ulale wote kwenye taya lisilotembea. Na tafadhalini, ondoeni mkono wa jiliwa kabla ya kuwasha mashine.

Jambo la kutu sitaki kulipitia mbio, kwa sababu maandishi yote mtakayoyasoma juu ya majiliwa yameandikwa na watu wasiokaa Pemba. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na masika inazidi. Jiliwa la chuma cha kusubu likikaa mezani miezi bila kuondolewa, maji yanajificha baina ya tumbo lake na meza. Juu utaona panang'aa, na chini kutu inakula usahihi wote ulioununua. Liondoe mara kwa mara, futa pande zote mbili, paka mafuta ya madini, yale ya njia za mashine au hata ya injini yaliyo masafi, na ulirudishe kwa geji. Mafuta ya nazi yabaki jikoni. Yanachacha na kuganda kwenye skrubu. Kifuniko kiwe cha kitambaa, si nailoni, maana nailoni inaufungia unyevu ndani. Anayetumia maji ya kupozea yaliyochanganywa na sabuni ya mashine asifunge banda jioni kabla ya kukausha. Hapa jiliwa la feleji lililosagwa lina hasara moja niliyoiacha makusudi: linang'aa pande zote na halina rangi hata kidogo, kwa hivyo kila pahali pake pana njaa ya mafuta.

Na mwisho niwakumbushe kazi ambayo huku tunaipata sana na ambayo jiliwa si jawabu lake. Shafti ya boti, chuma cha pua cha mm 25, urefu wa mita moja na zaidi, mwenyewe anataka mfereji wa ufunguo, kile kipande cha chuma kinachoizuia shafti isizunguke peke yake ndani ya kinachofungwa juu yake. Kwa kipenyo hicho ufunguo wa kawaida ni mm 8 kwa 7, na mfereji kwenye shafti unakwenda chini mm 4. Fundi anaibana katikati kwa jiliwa moja, pande mbili zinaning'inia, na ikianza kukatwa inalia kisiwa kizima. Mwenye majiliwa mawili ya kimo kimoja ayaweke mbali mbali, yote mawili yapimwe kwa geji moja. Asiye nayo aliondoe jiliwa kabisa. Ailaze shafti juu ya mdomo wa mfereji wa T wa meza, duara lake likae baina ya kingo mbili. Mfereji umechongwa sambamba na mwendo wa X, kwa hivyo shafti imeshanyooka yenyewe. Aweke karatasi ngumu au kibati cha shaba chini ya klempu, na kibao cha kuishikilia mwisho unaotoka nje ya meza. Kwa mashine ndogo hii ndiyo njia, na kimo chote tulichokuwa tunakipigania kinarudi.

Maswali nitayachukua sasa. Waliokuja na majiliwa yao wayaweke hapa mezani, geji ninayo na kipande cha pembe mraba kipo. Tuanze na hilo la keekee la bwana wa Mkoani, alikaze mwenyewe na nyote mtazame sindano.